Nyumba Isiyo na Pembe

Nianze kwa kuishukuru Serikali, kama anavyotakiwa kufanya kila afunguaye mdomo katika nchi yetu ya Tulizana. Nimeshukuru. Sasa naruhusiwa kusimulia yaliyompata jirani yangu Mama Tausi. Nitayasimulia kama yalivyokuwa, maana nyumba zetu zimeungana, ukuta wetu ni mmoja na ni mwembamba, na yale ambayo sikuyasikia kupitia ukuta alinieleza yeye mwenyewe.

Mimi naitwa Mzamilu, karani mstaafu wa posta. Nimegonga mihuri miaka thelathini na minne bila kuuliza hata siku moja barua inatoka wapi, na ndiyo maana nilistaafu nikiwa na afya njema. Naishi peke yangu nyumba namba tisa. Namba kumi anakaa Mwalimu Nuhu, anayefundisha jiografia, mkewe Sikudhani, fundi cherehani, na binti yao Tausi. Wakati mambo haya yanaanza, Tausi alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne.

Tausi alikuwa mtoto wa kufungua. Akiona kilichofungwa, anafungua. Akiona kilichojaa, anamwaga. Akiona asichokijua, anaonja. Alikwisha kuonja sabuni, mkaa, na ramani ya ukutani ya baba yake, ambayo aliila visiwa viwili vyote vya taifa kabla hajazuiwa. Nuhu, kwa kuwa ni mtumishi mwaminifu, alitoa taarifa shuleni kwa maandishi kwamba visiwa havipo.

Siku moja mama yake alikuwa akinyoosha gauni la mteja. Aligeuka kuchukua maji ya kunyunyizia, na katika kugeuka huko Tausi akaigusa pasi. Kidole kikavimba. Mama akambeba hadi zahanati, nesi akakipaka dawa, akakifunga kitambaa, akamwambia, "Usijali dada, wiki haiishi atakuwa amepona." Kisha akatoa fomu. Mahali palipoandikwa *Chanzo cha ajali* nesi akatafuta neno, akaandika: *Udadisi*.

Kidole kilipona siku ya nne. Siku ya tano wakaja.

*

Walikuwa wawili. Wa kwanza Bwana Lubasha, Mkaguzi wa Pembe na Ncha kutoka Idara ya Kinga ya Mtoto Mtambaa, mtu mrefu mwenye suti ya kijivu iliyopauka magotini. Kifuani alivaa Nishani ya Utulivu, Daraja la Pili, kipande bapa cha shaba kinachong'aa. Wa pili Bi Koleta, Mshika Funguo, mama wa makamo asiyesema sana, aliyefunga mkanda wenye funguo nyingi hata akitembea unadhani ng'ombe wa kengele anapita.

Bwana Lubasha alisimama katikati ya sebule, akakohoa kikohozi cha hotuba.

"Ndugu wazazi. Mlezi Mkuu wa Taifa amepata habari za kidole cha mtoto wenu, na ameumia. Kidole kile si chenu peke yenu. Ni kidole cha taifa kilichowekwa kwenu kwa amana. Mlezi Mkuu ameniagiza niikague nyumba hii, na nikitoka hapa pasiwe na kitu kinachoweza kumdhuru raia huyu, wala kinachoweza kumfanya atamani kudhurika."

"Ahsante sana, Bwana Mkaguzi," alisema Mama Tausi. Alisema kwa moyo, nilimsikia. Mwanamke aliyeona kidole cha mwanawe kinavimba hukaribisha msaada wowote unaogonga mlango.

Basi Bwana Lubasha akapiga magoti. Kanuni inataka nyumba ikaguliwe kwa kimo cha mtoto. Akatambaa na suti yake chini ya meza, akapita chini ya kitanda, akaingia nyuma ya kabati, huku Bi Koleta akiandika kila anachotajiwa. Tausi hakuwahi kuona mtu mzima mwenye akili kama hiyo. Akatambaa nyuma yake nyumba nzima akicheka, akimvuta soksi.

Wakaondoa visu, pasi na mikasi. Soketi wakaziziba kwa vizibo vyeupe vya plastiki vyenye maandishi madogo. Meza ikakatwa pembe nne, ikapata nane, zikakatwa nazo, hadi ikabaki kama kigoda. Jiko likapandishwa juu ya rafu karibu na dari, Mama Tausi akapewa ngazi ya kulifikia. Kesho yake ngazi ikachukuliwa kwa kuwa inapandika. Tangu hapo walikula mkate na ndizi. Vitabu vya Nuhu vikafyekwa kona. Ramani, ambayo visiwa vyake vilikwisha kuliwa, ikabanduliwa yote.

"Karatasi nayo ina hatari gani?" aliuliza Nuhu.

"Inaamsha hamu ya kwenda," alijibu Bwana Lubasha.

Walipoinua cherehani, Mama Tausi aliishika kwa mikono miwili. "Jamani, hii ndiyo kazi yangu. Nitashona na nini?"

Bwana Lubasha akamgeukia mwenzake. "Hilo ni swali. Maswali tunayaandika wapi, Bi Koleta?"

"Ukurasa wa nyuma, mkuu."

"Basi liandikwe."

Likaandikwa, na cherehani ikaenda.

*

Ukabaki mlango. Tausi, akiwa amesimama juu ya kandambili za baba yake zilizopangwa moja juu ya nyingine, aliweza kuzungusha komeo. Bwana Lubasha alimtazama akifanya hivyo mara tatu, akiandika dakika, kisha akatoa uamuzi ambao mimi niliusifu siku ile, na ningeusifu tena kama ningeulizwa mbele ya watu.

"Komeo likiwa ndani, mtoto analifikia," alisema. "Likiwa nje, hawezi kulifikia. Kwa hiyo litahamia nje."

Wakaweka kufuli nzuri nyeusi, kubwa kama nazi, upande wa barabarani. Ufunguo ukatiwa kwenye mkanda wa Bi Koleta. Saa moja asubuhi angekuja kumfungulia Nuhu aende shule, saa tisa alasiri kumfungulia arudi. Chini ya mlango wakapigilia ukanda wa mpira, vidole visije vikabanwa. Madirisha wakayawekea mbao, kwa sababu ya vioo, wakaacha tundu juu kabisa la kupitisha hewa.

"Na mimi nikitaka kwenda sokoni?" aliuliza Mama Tausi.

"Utajaza fomu."

"Fomu iko wapi?"

"Ofisini kwetu."

"Ofisini nitafikaje?"

"Kwa fomu, mama," alisema Bwana Lubasha kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia rahisi.

Wakatoka, na kufuli ikalia. Nilikuwa barazani kwangu, nikaitazama muda mrefu. Ilikuwa imepakwa mafuta vizuri.

Tangu siku hiyo jirani yangu akawa sauti. Nilikuwa nakunywa chai yangu asubuhi, naye akigonga ukuta kwa kiganja.

"Mzee Mzamilu, upo?"

"Nipo mwanangu. Mmeamkaje?"

"Tumeamka. Nje kuna jua?"

"Lipo."

"La namna gani?"

Sikuwahi kuulizwa jua ni la namna gani. Ilinibidi nitoke nikalitazame, kisha nirudi nimwambie kwamba ni lile la kukausha nguo nene, au lile la kabla ya mvua. Alikuwa akishukuru, halafu namsikia akimweleza Tausi maneno yale yale, taratibu, kama anamlisha.

Tausi alikuwa na maneno mawili, *mama* na *maji*. La tatu alilijua mbele ya mlango ule. Alikuwa akiupiga kwa viganja asubuhi mpaka saa ya kulala mchana, akisema, "Nje. Nje. Nje." Bwana Lubasha alipokuja kukagua mwezi wa kwanza alilisikia, akachuchumaa mbele yake.

"Hapana, mwanangu. Sema *baadaye*."

"Nje," alisema Tausi.

"Ba-a-da-ye."

"Nje," alisema Tausi, akamshika pua ili aelewe vizuri.

Bwana Lubasha alijifuta pua, akabaki amechuchumaa pale kwa muda mrefu kuliko kanuni inavyotaka. Mama Tausi aliniambia kwamba jicho lake lilikuwa mlangoni.

*

Miezi miwili ikapita hivyo. Nikisema ikapita, nasema kwa upande wangu. Kwa upande wao sidhani kama kuna kitu kilikuwa kinapita. Mama Tausi aliacha kuuliza habari za jua. Alianza kuniuliza nani amepita barabarani, amevaa nini, kitambaa gani, kimeshonwaje. Siku nyingine alinyamaza kutwa, nikawa nasikia hatua zake tu, kutoka ukuta hadi ukuta, na nyuma yake hatua ndogo zaidi zinazomfuata.

Ikafika Jumamosi ya ukaguzi wa mwezi wa tatu. Nuhu hakwenda shule, walikuwapo wote. Bwana Lubasha akaingia, na Bi Koleta, kwa kuwa kanuni ya sita inasema mlango usikae wazi zaidi ya pumzi mbili, akaufunga nyuma yake kwa kufuli, akarudi ofisini kusaini daftari la funguo. Angerudi kumtoa baada ya saa mbili.

Mkaguzi akapiga magoti, akaanza kuhesabu vizibo vya soketi. Vilitakiwa kuwa vinane.

"Saba," alisema. Akazunguka tena. "Saba. Mama Tausi, kizibo cha nyuma ya kabati kiko wapi?"

Mama Tausi alikuwa anamtazama Tausi, aliyeketi sakafuni kimya. Mtoto yule kukaa kimya kulitosha kumtia mama hofu. Udenda ulikuwa unamtiririka kidevuni hadi kifuani. Alijaribu kumeza, akashindwa, akajaribu kulia, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mluzi, nyembamba kama ya birika linaloanza kuchemka.

"Nuhu! Kameza!"

Akamnyakua, akamlaza kifudifudi pajani kichwa kikiwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja. Mara tano. Akamgeuza akamtazama mdomoni. Hakuona kitu. Akampiga tena mara tano. Mluzi ukaendelea.

"Haiwezekani," alisema Bwana Lubasha akiwa bado kwa magoti. "Vizibo vimeidhinishwa. Haviwezi kumezwa na mtoto. Imeandikwa kwenye kopo lake."

"Baba wee, njoo umsomee basi!" alisema Mama Tausi.

Hapo Nuhu akaupiga ukuta kwa ngumi hata chai yangu ikamwagika. "Mzee Mzamilu! Mtoto amekwamwa na kizibo kooni! Kimbia kwa Bi Koleta, aje afungue!"

Nikakimbia. Nina umri wa miaka sitini na saba, na kandambili yangu moja ilikatika penye kona ya msikiti nikaiacha hapo hapo. Nilimkuta Bi Koleta mezani kwake, daftari mbele yake. Nikamwambia kwa maneno ya mkato. Akasimama kabla sijamaliza, mkono ukaenda kwenye mkanda. Kisha ukasimama.

"Mlango wa namba kumi kufunguliwa kabla ya saa yake," alisema polepole, "unahitaji fomu ya dharura iliyosainiwa na Mkaguzi."

"Mkaguzi yuko ndani."

"Apitishe saini chini ya mlango."

"Mmeupigilia mpira chini ya mlango!"

"Ni kwa ajili ya vidole," alisema.

Nilimtazama. Hakuwa mtu mbaya. Aliutoa ufunguo kwenye mkanda, akaushika mkononi, akautazama, akaurudisha.

"Mzee wangu," alisema, "mimi nina watoto wanne. Wote wako chini ya kufuli, na ufunguo wao anao mwenzangu wa mtaa wa pili. Nikikosea kwa huyu, yeye atakosea kwa wangu."

Akanipa fomu tupu. Nikaichukua, kwa kuwa nilizoea kupokea karatasi, nikageuka na mguu mmoja peku.

*

Huku nyuma, Mama Tausi alikuwa amefika mlangoni. Alikuwa ameutazama mlango ule miezi mitatu, kutwa kucha, kama sisi tunavyotazama barabara, na alijua jambo moja ambalo Idara haikulijua. Mlango ulifungukia ndani. Kufuli ilikuwa nje, lakini bawaba zilikuwa ndani, mbili, kila moja na skrubu tatu zilizopakwa rangi.

"Nitafutieni bisibisi," alisema. "Kisu. Kijiko. Chochote chenye ncha."

Nuhu akapekua nyumba nzima, akifungua alichoweza kufungua. Vijiko vyao vilikuwa vya mpira. Vikombe vya mpira. Nyumba ilikuwa salama kabisa. Akajaribu kwa kucha, na kucha mbili zikang'oka.

Mama Tausi akageuka. Akamtazama Bwana Lubasha kifuani.

"Nipe hiyo."

"Hii?" Bwana Lubasha akaifunika kwa kiganja. "Nilivishwa na Mlezi Mkuu kwa mkono wake mwenyewe. Ni kosa hata kuigusa na vidole vyenye jasho."

Mama Tausi hakubishana naye. Alimwendea, akamwekea mtoto mikononi. Alifanya hivyo kwa sababu alihitaji mikono yake, hakufanya kwa hila, aliniapia. Bwana Lubasha alikuwa amekagua watoto miaka kumi na mmoja, na hapo ndipo alipombeba mmoja kwa mara ya kwanza. Tausi alimng'ang'ania tai. Udenda ukamlowesha suti, na ule mluzi sasa ulikuwa chini ya sikio lake, ukikatika na kuanza tena. Kati ya kukatika na kuanza palikuwa na nafasi, naye akajikuta anaihesabu.

Akainama mbele, kifua kikamfikia Mama Tausi.

"Ichomoe mwenyewe," alisema. "Mimi nimeshika mtoto."

Akaichomoa. Pini yake ilikuwa na ncha kali kama sindano ya hospitali. Miaka kumi na mmoja Mkaguzi alikuwa akiingia nayo nyumba kwa nyumba. Kwa ncha akakwangua rangi, kwa ule ukingo bapa akazungusha. Skrubu ya kwanza iligoma. Nuhu akaweka mikono yake juu ya mikono ya mkewe, wakazungusha pamoja, ikalia, ikatoka. Ya pili. Ya tatu. Bawaba ya juu ikaachia.

"Harakisheni," alisema Bwana Lubasha. "Anakuwa mzito."

"Mwimbie!" alisema Mama Tausi bila kugeuka.

"Sijui wimbo!"

"Sema naye, basi, asilale!"

Na Bwana Lubasha, Mkaguzi wa Pembe na Ncha, akamtikisa mtoto taratibu akimwambia neno moja alilokuwa na hakika kwamba analijua. "Nje, mwanangu. Nje. Nje, mama. Tunakwenda nje."

Nilifika barazani na fomu yangu mkononi wakati mlango unaangukia ndani. Wakatoka wote watatu na mtoto, Mama Tausi akiwa mbele, amemchukua tena, miguu mitupu, hata jua la siku hiyo hakuliona. Tukakimbia hospitalini.

Daktari alikuwa msichana mdogo aliyejua kazi. Aliingiza koleo refu jembamba, akasema, "Mshikeni kichwa," na kabla Mama Tausi hajamaliza kusema jina la Mungu, kizibo kikatoka, cheupe, kikilia *tik* kwenye bakuli la bati. Kisha Tausi akalia. Kilio kikubwa, kinene, cha hasira, kilichojaza wadi nzima. Sijawahi kusikia muziki uliopigwa vizuri kuliko ule. Nuhu alikaa sakafuni. Bwana Lubasha akakiokota kizibo, akasoma maandishi madogo, *Kwa Usalama wa Mtoto*, akakitia mfukoni.

*

Tume iliundwa kabla suti ya Bwana Lubasha haijakauka. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Ngwalida, mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazamia watu.

"Tume hii," alisema, "haikukutana kujua nani alimeza nini. Watoto humeza. Imekutana kujua nani aliung'oa mlango wa Serikali. Sheria iko wazi. Mzazi aking'oa mlango, ni mzazi aliyelegea, na mtoto wake atapelekwa Nyumba Laini, akalelewe juu ya magodoro ya taifa. Wazazi watatumiwa picha yake kila mwaka."

Mama Tausi alikuwa amempakata Tausi. Nilimwona akikaza mikono. Nuhu alianza kuinuka, naye mkewe akamvuta chini, akainuka yeye. Alivuta pumzi ili aseme.

"Mimi," alisema mtu.

Alikuwa Bwana Lubasha. Alisimama upande wa maofisa, kifuani pake pakiwa na matundu mawili ya pini.

"Wewe, Mkaguzi? Ulifungua skrubu sita?"

"Sita, Mheshimiwa. Hawa walinikataza. Sikuwasikia."

"Kwa nini?"

Bwana Lubasha akafikiri. Mtu aliyeandika maswali ya wenzake ukurasa wa nyuma miaka kumi na mmoja hana mazoea ya kujibu. "Nilitaka kujua nje kukoje," alisema.

Ukumbi ukaguna. Mheshimiwa Ngwalida akabadili miwani. "Udadisi," alisema kwa sauti ya msiba. "Andikeni."

Wakanigeukia mimi, shahidi. Nilitakiwa kusema tu kwamba sikuona kitu, maneno ambayo nimeyasema vizuri maisha yangu yote. Nilifungua mdomo, na mpaka leo sijui kilichonipata. "Mheshimiwa," nilisema, "naomba kuuliza. Kama ule ufunguo ungekuwa ndani?"

Walinitazama kama mtu aliyevua nguo.

Hukumu ilisomwa alasiri ile ile. Bi Koleta alivishwa Nishani ya Utulivu, Daraja la Kwanza, kwa kutotoa ufunguo. Aliipokea bila kuinua macho, akarudi kukaa mahali pake akiwa ameishika mkononi, hakuivaa. Bwana Lubasha alivuliwa cheo na kuteremshwa umri. Tume ilimkadiria mwaka mmoja na miezi saba, akakabidhiwa kwa walezi wenye nyumba iliyokwisha kukaguliwa kuliko zote, yaani Nuhu na Sikudhani wa namba kumi. Mimi nilipewa miaka miwili na nusu, kwa heshima ya mvi zangu. Nuhu aliachishwa kazi bila kosa, kwa kuwa shule yake nayo iligundulika ina pembe.

"Na ili jambo hili lisirudiwe," alimalizia Mheshimiwa Ngwalida akiwa amesimama, "milango yote haitakuwa na bawaba. Itashushwa kwa mnyororo kutoka juu ya paa. Tena Tume imeona kwamba kuta zinazogawa nyumba ni za matofali, na matofali ni magumu. Mtoto wa Tulizana hatagonga kichwa tena! Kuta hizo zote zitabomolewa, na mahali pake patawekwa sponji!"

Tukapiga makofi. Nilipiga kwa nguvu. Nilikuwa na miaka miwili na nusu.

*

Ndivyo tunavyoishi sasa. Mlango wangu hupandishwa wakati wa ukaguzi tu, na mkate hushushwa kwa kamba saa kumi na mbili asubuhi. Tangu ukuta uwe sponji, sauti za namba kumi zinanifikia kwa mbali, kama za watu waliofunikwa blanketi. Nilikuwa nagonga kwa kiganja asubuhi na ukuta haulii. Siku za kwanza nilikaa kitandani nikijisikiliza ninavyopumua. Sikujua kwamba mtu anaweza kukosa mlio wa hatua za jirani kiasi kile.

Bwana Lubasha analala jikoni kwao. Mama Tausi hakumpenda, na hakumficha hilo, lakini alimpa blanketi lake la kunyooshea nguo na kila siku humkatia mkate sawa na wengine. Yeye humbeba Tausi mama akichoka. Amejifunza wimbo mmoja.

Tausi ndiye aliyegundua kwamba sponji inachunika. Kila baada ya kula aliufuata ukuta wetu, akafinya kipande kidogo, akakionja, akakitema. Mama yake alipomwona mara ya kwanza aliinua mkono kumzuia, kama mama yeyote. Mkono ukabaki hewani. Akaangalia mlangoni. Kisha akaushusha, akaendelea kukunja nguo. Kesho yake tundu lilikuwa la ukubwa wa ngumi, na Bi Koleta alipopita kukagua alimkuta Bwana Lubasha ameketi ameegemea mahali pale pale, miguu ameinyoosha, kama mtoto aliyenuna.

"Inuka nikague," alisema Bi Koleta.

"Sitaki," alisema Bwana Lubasha.

Bi Koleta akamtazama, akatazama vumbi jeupe la sponji sakafuni karibu na miguu yake. Akaandika kitu, akaondoka. Hakuna aliyekuja.

Jumanne iliyopita, mchana, nilikuwa nimeketi nikiitazama kalenda ya Serikali, nikaona kitambaa kilichofunika sponji ya ukuta kinatuna. Kikatuna, kikachanika, kikatoka kidole. Kikafuata kiganja kizima chenye makombo ya mkate, halafu mkono hadi kwenye kiwiko. Ukafunguka, ukafumba, ukapapasa hewa ya kwangu.

Sheria inanitaka niusukume mkono huo kwa upole urudi ulikotoka, kisha nijaze fomu. Fomu ninayo. Nikaupa kidole gumba. Ukakishika kwa nguvu ambayo siwezi kuieleza, ukavuta, na kicheko kikasikika kwa mbali ndani ya sponji. Halafu sauti ya mama yake, karibu sana, ya mtu aliyelala chini sakafuni.

"Mzee Mzamilu, upo?"

"Nipo mwanangu."

"Huko kwako kuna nini?"

Nilitaka kumwambia jambo zuri. Nikamwambia ukweli. "Kuna mimi. Na nyuma yangu kuna ukuta mwingine, wa namba nane. Na wenyewe ni sponji."

Nilimsikia akiwaambia wenzake, kisha nikasikia watu watatu wanachuna kwa pamoja, na tundu likapanuka kama linavyopanuka shimo la mkate unaoliwa. Kichwa kikatokeza, kimejaa chembe nyeupe. Tausi akajivuta, akaangukia upande wangu, akasimama. Akanitazama mara moja, kuhakikisha kwamba kweli ni mimi. Halafu akapita mbele yangu bila salamu, akiyumba kwa haraka, akauvuka mkeka wangu hadi kwenye ukuta wa namba nane, akautia kidole.